Goti la Bibi Mbele ya Kompyuta

Kila siku nikitoka shule humkuta Bibi kwenye cherehani yake ya miguu, akishona sare za wanafunzi. Mimi humkatia nyuzi na kumuuliza maswali, na kwa maswali hayo nyumbani wameniita Kiherehere. Siku hiyo Bibi alipotaka kuinuka, alishika meza kwa mikono miwili na kuuma mdomo. Baba alimwona.

"Mama, goti hilo sasa basi," alisema. "Kesho tunakwenda kulipiga picha. Likiwa bovu, cherehani naiondoa."

Alipotoka, Bibi aliniinamia. "Mjukuu wangu, bila cherehani mimi nitakuwa nani? Huko hospitali, ukiona lolote, funga mdomo."

Nikakubali. Kunyamaza si fani yangu, lakini nampenda Bibi. Isitoshe, nilikuwa na furaha ya kupita kiasi. Hospitali ilikuwa imeletewa kompyuta yenye akili bandia inayosoma picha za magoti, nami nilitaka kuiona kwa macho yangu mwenyewe.

Kesho yake hospitalini, mpiga picha za eksirei, dada mrefu mwenye miwani, aliniruhusu kusimama naye nyuma ya kioo kizito cha kinga.

"Imefundishwa kwa maelfu ya picha," alinieleza. "Inapima nafasi iliyo kati ya mifupa. Gegedu, kile kitu laini kinachozuia mifupa isisuguane, likisagika, nafasi inakuwa nyembamba. Kompyuta inatoa daraja, kuanzia sifuri hadi nne. Ndiyo maana mgonjwa lazima asimame na kuulemea mguu. Asipoulemea, goti bovu linaweza kuonekana zima."

Akamwambia Bibi kwa kipaza sauti, "Mama, simama sawa kwa miguu yote miwili," kisha akageukia kompyuta. Hapo ndipo nilipomwona Bibi akiegemea chuma cha pembeni na kunyanyua kisigino cha mguu unaouma. Akanikonyeza.

Picha ikatokea. Mistari ya kijani ilijichora yenyewe kuzunguka mifupa, na kufumba na kufumbua jibu likaja: daraja sifuri.

"Goti zima kabisa," alisema dada, akianza kuandika taarifa ya daktari.

Nilimtazama Bibi akitembea kwa kushika ukuta, na furaha yote ikaniishia. Angerudi kwenye cherehani yake, ndiyo, lakini goti lingeendelea kusagika hadi siku ambayo asingeweza hata kuinuka kitini.

"Dada, usiandike," nikasema. "Hakuulemea mguu. Aliinua kisigino."

"Huyu mtoto hana breki," alinung'unika Bibi.

Dada hakukasirika. Alimpanga upya, na safari hii hakumwondolea macho. Katika picha ya pili, nafasi kati ya mifupa ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Kompyuta ikatoa daraja la tatu. Daktari akaja, akaikagua picha mwenyewe, akaligusa goti, akakubaliana nayo.

"Basi ndiyo nimeacha kushona," alisema Bibi kwa sauti ndogo.

"Nani amesema?" daktari akamuuliza. "Utafanya mazoezi ya kuimarisha mapaja, utainuka kila nusu saa, na cherehani ifungwe mota ili mguu upumzike. Ungechelewa, ningekuambia mengine."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema mota ataifunga yeye mwenyewe. Nusura nirukeruke mle mle hospitalini.

Dada akanigeukia. "Kompyuta imeona maelfu ya magoti, lakini kisigino kile umekiona wewe peke yako. Hata chombo chenye akili, ukikipa uongo, kitakurudishia uongo. Na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

Bibi akanivuta ubavuni mwake. "Kifo kisubiri," alisema. "Mimi nimeumbuliwa na mjukuu wangu, na afadhali yeye."