Jamaa Yangu wa Kilifi

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba na nimerudi kukaa kwa mama, kijijini Tezo. Nikilala sipati usingizi, nikikaa nasimama, nikisimama natamani kukaa. Mama huniambia, "Kadzo, hebu tulia!" Nitulie vipi?

Niliolewa Malindi na Mutua, mtu wa bara, dereva wa lori. Tulipendana, Mungu ni shahidi! Lakini mimba zangu zilikuwa zikiharibika, na mamake huko kwao alishaanza kumtafutia mke wa pili. Ilipoharibika ya tatu, Mutua akiwa safarini, niliogopa kumwambia. Nilikwenda posta, nikaomba niunganishwe na mjomba wangu wa Kilifi anitafutie daktari. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini...

Siku chache baadaye, sokoni, nikiwa nachagua nyanya, Dama, opereta wa simu pale posta, alinishika mkono. "Pole dada. Mimba tatu si mchezo."

Lo! Kumbe alikuwa akisikiliza! Alisema kwa huruma, najua, lakini niliziacha nyanya nikaondoka. Nani mwingine ameambiwa?

Sikuwa peke yangu. Wengi mjini walikuwa wanalalamika, na Mwalimu Onesmo alikuwa ametukusanya tukawa kikundi cha kutetea siri za simu, tukitaka opereta anayesikiliza afukuzwe. Tulilalamika tukachoka, hakuna aliyetujali. Mpaka siku moja akaja mwandishi wa gazeti kutoka Nairobi! Mwalimu alifurahi kama bwana arusi. Tukiandikwa, akasema, wakubwa watashtuka. Akanisukuma mbele mimi, eti habari ya mwanamke huwagusa watu.

Nilikataa kusema nilizungumza nini. Si ndiyo siri yenyewe? Nilisema tu, "Nilikuwa nazungumza na jamaa yangu wa Kilifi, mambo yetu ya ndani." Mwandishi akatabasamu, akanipiga picha.

Jamaa! Kwetu pwani jamaa ni ndugu yako, mtu wa ukoo wako. Yule mwandishi wa bara alisikia mwanamume! Gazeti likatoka na maandishi makubwa: MKE WA MTU ANASWA KWENYE SIMU NA JAMAA YAKE WA SIRI. Na chini yake ni mimi, nimecheka meno yote nje.

Mutua alikuwa kwao siku hiyo. Gazeti lilisomwa mbele ya mamake na ndugu zake wote. Alirudi nalo amelikunja mfukoni, hakunisalimu.

Nilikimbia kwa Mwalimu. Nilimkuta amelibandika lile gazeti ukutani, analitazama. Nikamsihi aandike barua kwa gazeti wasahihishe neno moja tu. "Dada Kadzo, tuko ukurasa wa kwanza! Tukianza kubishana nao hawatatuandika tena."

"Mwalimu, ni ndoa yangu!"

"Vumilia kidogo. Ni kwa faida ya wote."

Kwa faida ya wote! Na mimi si mmoja wa hao wote?

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mutua kila kitu, mimba, daktari, mjomba... Siri yangu niliyoificha kwa machozi niliimwaga mwenyewe. Hakuamini. Mjomba wako, akasema, atasema lolote unalotaka aseme.

Ndipo nikamkumbuka Dama. Yeye ndiye aliyesikia! Nilimvuta Mutua mpaka posta, nikamwambia Dama mbele ya watu, "Dada, tafadhali, mwambie mume wangu ulichosikia!"

Dama alimtazama mkubwa wake aliyesimama nyuma yake. Macho yalimjaa machozi. "Mimi sisikilizi simu za watu."

Angesema nini, maskini? Sisi wenyewe ndio tuliotaka afukuzwe!

Mutua alitoka bila kuniangalia. Nasikia mke mpya ameshaingia.

Wasomaji, nawasihi, hasa nyinyi dada zangu! Msimwachie mtu wa gazeti aondoke na maneno yenu kabla hajawasomea alichoandika. Na kikundi kinachokusukuma mbele, kiulize kwanza, nikianguka mtaniinua?

Juzi nimesikia maopereta wamekatazwa kabisa kusikiliza simu. Kikundi kimeshinda, na kimeandikwa tena. Na mimi hapa Tezo kila siku naomba jambo moja tu... Dama akubali kwamba alisikiliza.