Siku ya Mwisho ya Noti za Zamani

Haya yalimkuta rafiki yangu, mhasibu, mtu asiyeamini hata ndoto zake. Bibi yake alimsihi ampelekee benki noti zake za zamani kabla hazijageuka karatasi tu.

"Kesho, bibi," alijibu kila mara.

"Kesho yako haina asubuhi, mjukuu wangu," bibi alimtania, kisha akalamba kidole na kuzihesabu upya, moja moja. Alikufa akingoja.

Siku ya mwisho ya kubadilisha, rafiki yangu alizichomoa chini ya godoro la marehemu bila kuwaambia wajomba zake. Karani wa benki alipoziweka kwenye mashine ya kuhesabia, umeme ulikatika. Ukumbi haukuwa na dirisha. Giza likatanda, mashine ikanyamaza. Lakini kuhesabu hakukukoma. Ulimi ulilamba kidole, noti ikafunuliwa. Ulimi tena, noti tena, polepole, bila haraka yoyote.

"Kaka, usizilambe, ni chafu," alisema rafiki yangu.

"Mimi sijazigusa, dada."

Taa zilipowaka, karani alilishika bunda, akaliachia ghafla na kujifuta vidole kwenye suruali. Kila noti ilikuwa imelowa mate kwenye pembe ileile, nayo yalikuwa bado ya vuguvugu.