Mlango wa Stoo ya Viti

Haya yalimpata shemeji yangu Balthazar, mume wa dada yangu Verdiane, mchana kweupe, kwenye ukumbi wa kanisa letu pale Rooty Hill, Australia. Nilikuwepo, andazi mkononi.

Balthazar aliripoti vita Kongo mashariki miaka mingi kabla ya kuhamia Sydney. Siku hizi anaandika filamu, na kwa ubishi hana mpinzani: kila kitu lazima kiwe vile vile kilivyokuwa. Jumamosi hiyo tulikuwa tunamsomea mswada wake mpya, unaohusu jinsi yeye na Candide, mpiga picha wake, walivyojificha ghalani. Walikuwa na desturi yao. Anayetangulia kutoka, akiona salama, anagonga mlango mara tatu. Aliye ndani anajibu mara mbili, kisha anatoka. Balthazar alitangulia. Siku zote alituambia kwamba aligonga, ila Candide alikuwa ameshapigwa risasi.

Tulipofika hapo, Wilkister, nesi Mkenya aliyekuwa akisoma maelezo, akagonga meza kwa kalamu.

"Hapana, si vile," Balthazar akamkatiza. Akainuka, akaenda kwenye mlango wa stoo ya viti, akagonga kama walivyogonga kule. Mara tatu.

Stoo ikajibu. Mara mbili.

Tukacheka. Tulidhani ni watoto, mpaka nilipowaona wote dirishani, wanacheza mpira nje.

Verdiane akamshika mumewe mkono. "Cheri, mume wangu, acha. Tuende nyumbani."

Balthazar akauchomoa mkono wake. "Siwezi kumuacha tena," akanong'ona. Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Mlango ule hauna kufuli. Tuliuvuta wanaume watatu, haukutikisika. Nikaweka sikio. Niliogopa, nasema kweli. Ndani kulikuwa na pumzi za watu wawili.

"Balthazar, toka basi!" dada alilia.

"Anataka niseme." Sauti yake ilikuwa karibu kabisa na ubao. "Sikugonga, Verdiane. Niliona salama, nikaogopa, nikakimbia. Alikuwa mzima. Alikuwa ananingoja."

"Please, God," Wilkister akanong'ona. "Gonga wewe, Mama. Mgongee atoke."

Verdiane akapiga magoti, akagonga mara tatu. Jibu likaja. Mara mbili.

Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki na ukuta wa matofali. Hapakuwa na mtu. Ukutani zilibaki alama za migongo miwili, bega kwa bega, za udongo mwekundu. Nikazigusa. Zilikuwa na joto.

Polisi walipekua, wakaondoka. Mlango tuliung'oa, imebaki fremu tupu. Kila Jumamosi dada yangu huenda pale, anaigonga mara tatu.

Anajibiwa mara mbili. Kimya kidogo. Halafu mara mbili tena, kwa mkono mwingine.

Hatoki mtu.