MRIJA WA BABA MKWE

"Huyu Mjerumani hakuwa na haraka," alisema Mzee Nkeshimana, akiupapasa ukuta wa Boma la Biharamulo kwa kiganja kizima. "Tazama kona hii, mwarimu. Imenyooka kama imejengwa jana."

"Ndiyo maana nilitaka tuanzie hapa, baba."

"Baba? Nimekwisha kukupa ruhusa ya kuniita hivyo?"

Emilian alirudi nyuma hatua moja. Ineza, binti wa mzee, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Anakutania, Emi. Baba, usimtishe mwenzako."

Mzee Nkeshimana alikuwa fundi mwashi. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Bugarama, wilayani Ngara, kwa jambo moja tu: kumwona kijana aliyepeleka posa ya binti yake, na kutoa jibu kabla ya basi la saa tisa. Emilian, mwalimu wa historia, alikuwa ameipanga siku kama kipindi cha darasani. Saa nne Boma. Saa tano maduka ya zamani yenye baraza pana. Saa sita vilabu viwili vya pombe za kienyeji, kwa kuwa mzee aliwahi kusema kwamba mji usioonjwa haujatembelewa.

Katika kilabu cha kwanza, Mama Bonifasia aliwapokea kwa kelele.

"Mwalimu! Leo umekuja na mkwe au na mkaguzi?"

"Shikamoo, mama. Wote wawili ni mtu mmoja."

"Marahaba. Basi kaa vizuri, usije ukafelishwa!"

Bibi huyo alipiga funda la rubisi, ile pombe ya ndizi, kisha akampa Emilian kibuyu kilekile. Emilian alikunywa hadi povu likamkaa kwenye sharubu. Ineza alimfuta kwa kidole.

Walipokuwa njiani kuelekea kilabu cha pili, simu ya Emilian ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa mama yake, Adventina.

"Nasikia leo upo na wale watu wa Bugarama. Uwe na adabu. Lakini usinywe kitu chao ambacho hujaona kinapotoka. Watu wanasema mengi."

Aliusoma mara moja, akaona aibu, akaufuta.

Kilabu cha pili kilikuwa cha Niyonkuru, ambaye wazazi wake walitoka Burundi kama wazazi wa Mzee Nkeshimana. Hapo palikuwa na chungu kimoja cha impeke, pombe ya mtama, na watu wamekizunguka na mirija mirefu. Walimsogezea mzee kigoda. Alivuta taratibu, akafumba macho, akavuta tena. Kisha akautoa mrija kinywani mwake na kumnyooshea Emilian.

Watu wote wakaiachia mirija yao. Kwao, mzee akikupa mrija uliotoka kinywani mwake, jibu la posa limekwisha kutolewa. Ineza alikuwa amemweleza Emilian hayo zaidi ya mara moja, na sasa macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi.

Emilian aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Kisha mkono mmoja ukaingia mfukoni, ukatoa leso, ukaifuta ncha ya mrija.

Niyonkuru akakifunika chungu.

"Nirudishie, mwarimu," mzee akasema kwa upole. "Usijilazimishe."

"Hapana, mzee wangu! Ni mazoea tu ya usafi. Shuleni tunawafundisha watoto..."

"Nimekuelewa."

"Naomba unipe tena."

"Baba yangu alivuka mpaka akiwa amenibeba mgongoni. Tangu nikiwa mtoto naona watu wakiogopa chungu chetu, wakisema tunaua kwa sumu. Sikukasirikii. Nilidhani tu kwamba leo nimepumzika."

Alisimama, akamshukuru Niyonkuru, akaanza kutembea kuelekea stendi. Emilian akamshika Ineza mkono.

"Ineza, niombee kwake. Ni usafi, nakuapia."

"Kibuyu cha Mama Bonifasia ulikifuta?"

Emilian aliikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Nimekuuliza, Emi. Ulikifuta?"

"Hapana."

"Nani alikwambia habari zetu?"

"Mama... aliniandikia. Lakini sikuamini, Ineza. Niliufuta ujumbe wake papo hapo!"

"Wewe hukuamini. Mkono wako uliamini."

Alimfuata baba yake.

Kwa wiki mbili Emilian alimpigia Ineza simu, na simu haikupokelewa. Aliandika jumbe ndefu, akizipanga vizuri aya kwa aya, akazisahihisha, akazituma. Hatimaye likaja jibu moja.

"Baba hajakukataza kuja. Njoo Jumapili baada ya misa."

Aliusoma ujumbe huo hadi akaukariri. Jumapili akafika Bugarama akiwa amevaa shati jipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwarimu. Karibu ndani. Mvua huko kwenu zinasemaje? Wanafunzi wanaendeleaje na mitihani?"

Walizungumza hivyo kwa nusu saa. Kila Emilian alipotaka kuomba msamaha, mzee aliuliza jambo lingine, kwa sauti nzuri, kama anavyoulizwa mgeni wa heshima. Nyuma ya nyumba watu walikuwa wakicheka kuzunguka chungu.

Ineza akaingia na sinia. Juu yake palikuwa na chupa ya soda iliyofungwa na kifungulio pembeni. Hapakuwa na glasi.

"Fungua mwenyewe, mwalimu," alisema. "Uone kwamba haijaguswa."

"Ineza, nimekuja kunywa mnachokunywa ninyi."

Ineza alimtazama baba yake. Mzee akatikisa kichwa polepole, bila hasira yoyote.

"Kile ni cha watu wa nyumbani," alisema. "Kunywa soda, mwarimu. Safari yako ni ndefu."

Emilian alichukua kifungulio. Hakujua afanye nini kingine, akafungua.