Tangi Lililobarikiwa Kabla ya Kumwagwa

Siku ya kwanza mashini ilipofanya kazi Butembo, Kahongya aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akachomoa na waya, na bado ndani ya tangi kitu kikaendelea kumeza. Taratibu, kama ng'ombe anayekunywa mtoni.

"Ni hewa," akajiambia. Uongo mtupu, naye alijua.

Alikuwa mjane anayeishi kwa kuuza maji ya mifuko, mwenye binti mmoja tu, Jemima, wa miaka saba. Mashini hiyo ya kusafisha maji, tangi la chuma, pampu na vichujio vitatu, aliinunua Beni kwa mzee Idi, muuzaji wa vyuma vilivyokwisha kutumika. Ilitoka kwenye kiwanda cha maji ya chemchemi kilichohamwa karibu na Mbau. Bei ilikuwa chini mno. Rahisi huvunja upishi, lakini nani hukumbuka methali akiwa sokoni?

Lori liliposhusha mzigo, alifanya kama Wakatoliki wa mtaa wake wanavyofanyia kitu kipya: alimwita mkatekista Éliakim, naye akainyunyizia maji ya baraka na kumimina mengine tangini. Maji ya zamani yaliyolala chini ya tangi, hakuna aliyeyamwaga.

Jemima alipewa kikombe cha kwanza. Akaomba cha pili. Hadi adhuhuri alikuwa amemaliza ndoo.

"Mama, niko nasikia kiu."

"Mais, lakini umekunywa sasa hivi!"

"Hapana mimi," mtoto akanong'ona. "Ni huyu wa ndani."

Kahongya aliogopa. Siku ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, tumbo limebonyea ingawa alikunywa tangu alfajiri, pumzi yake ikinuka matope ya chemchemi, na kila alipofumba macho koo lake lilimeza lenyewe, na kila lilipomeza, tangi kule uani lilijibu.

Akampigia Idi simu. Mzee akafika siku hiyo hiyo, akanusa tangi, akarudi nyuma.

"Dada, mulimwaga maji ya zamani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Tulibariki tu."

"Baraka ni muzuri. Mais mulifunga mulango, mwizi angali ndani. Ile jini ya chemchemi ilikosa kwa kutokea, ikapita mu maji, ikaingia mu mutoto."

"Na uliniuzisha ukijua?"

"Batu balisema ile kiwanda ilihamwa sababu ya jini. Nilizani ni maneno ya batu tu." Mzee hakuweza kumtazama.

Wakambeba Jemima hadi mto Kimemi, na tangi juu ya mkokoteni. Idi alilimwaga huku akisoma aya za Kurani. Mtoto akajikunja, akatapika maji meusi, mengi kuliko mwili wake, mpaka mto ukayachukua yote. Kisha akafumbua macho.

"Mama, niko na njaa."

Kahongya akalia kwa furaha, akamkumbatia, akamshukuru Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Simu yake ikaita. Alikuwa Marie-Jeanne, mchuuzi wa Masereka aliyepelekewa mifuko ya kwanza ya mashini ile akaiuze.

"Dada Kahongya, ile maji uliyotuma iliisha. Tuma ingine leo, tafazali. Batu bako hapa ku mulango, na batoto, banalamba mifuko."

Nyuma ya sauti yake Kahongya alisikia makoo mengi yakimeza kwa pamoja.

"Nani huyo?" Idi akauliza.

Kahongya akamwekea simu sikioni.