Mwanya wa Shingoni

Pale Msambweni, nyumba ya tatu kutoka msikitini, Ummi alikuwa ndani ya eda, mwezi wa nne. Mumewe, Salimu, alikuwa mchimba visima. Kisima kilimfukia huko Kinango. Picha hakuacha hata moja, maana kamera alikuwa akiikimbia kama mtoto anavyoikimbia sindano. Sisi majirani tulikuwa na yetu ya kusema juu ya hilo, lakini tuyaache.

Basi Ummi akamwita Muhsina, yule binti anayewachora watalii Diani, amchoree marehemu kwa maelezo ya mdomo. Alisema uso wa mumewe umeanza kumtoka kichwani, na akiusahau atakuwa amemzika mara ya pili.

Muhsina alikuwa akija kila siku baada ya adhuhuri. Alianza kwa penseli, mkono mwepesi, kichwa na mabega tu. Kisha chaki za rangi: kahawia iliyokoza upande wa kivuli, nyepesi juu ya shavu, akizisugua kwa kidole cha mwisho mpaka karatasi ikalainika kama ngozi. Ndevu alizichora udevu mmoja mmoja. Shingoni aliacha mwanya, upana wa uzi, kama alivyofundishwa na nyanyake: kichwa kisishikane na kiwiliwili, sanamu isije ikadai roho.

Ummi alipoiona alilia, kisha akacheka, akasema pua hiyo hata mama mkwe angeikubali, naye hakuna alichowahi kukubali.

Kesho yake shavu la kushoto lilikuwa limefutika. Muhsina akamlaumu, chaki haishikwi ovyo. Ummi akaapa hakuigusa. Lakini shavuni pake yeye mwenyewe palikuwa na vumbi la kahawia.

Muhsina akajaza upya. Siku ya pili yake likafutika tena. Na midomo pia.

"Hapumui vizuri," Ummi alinong'ona. "Namsikia. Muunge shingo, dada'angu."

Muhsina alikataa. Ummi akamshika miguu. Mjane wa watu, amekonda, viganja vya baridi. Huruma ikamshinda. Akachora mstari mmoja wa penseli, mfupi. Ncha ikavunjika.

Siku iliyofuata harufu ya udi ilimpokea nje, na mwenye eda hafukizi udi. Ummi alikuwa amekaa kitandani. Kanzu nyeupe ya eda alikuwa hajaivua, lakini machoni wanja, nyweleni asumini.

Ukutani karatasi ilikuwa tupu. Hata alama ya penseli haikuwapo.

"Ummi, zimebaki siku tisa."

"Eda ya nani?" alijibu taratibu, akainuka kumimina chai. Vikombe vitatu.

Ummi alipogeuka, Muhsina aliuona mgongo wa kanzu. Kiunoni, vidole kumi vipana, vimekumbatia. Kahawia ile ile, aliyoichanganya yeye.

Alichora kichwa na mabega. Mikono hakuichora.