Sinia Moja na Bibi Zamda

Hapa Misima hakuna mtu anayeamka kabla yangu. Haya, nimedanganya. Anayeamka kwanza ni mjukuu wangu Munira, wa darasa la sita, naye huniamsha kwa kunivuta dole gumba la mguu. Huwasha moto, hufagia uwanja, kisha hupeleka uji chumba cha uani, kwa mdogo wangu Zamda.

Zamda alikuja kwetu kutoka Kwedizinga akiwa na saratani ya titi. Titi lilikuwa limepasuka na kuwa kidonda, na harufu yake ilikupokea kabla hujabisha hodi. Sisi hula wote sinia moja, lakini yeye tulimtengea bakuli lake. Hakuna aliyesema kwa nini.

Munira alikuwa akibana pumzi, anaweka bakuli kizingitini, anakimbia. Shuleni mwenzake Sharifu alimwambia, "Ukiivuta ile harufu, na wewe unaoza." Basi mtoto akawa anajipapasa kifua kila anapooga.

Asubuhi moja alikuta uji wa jana uko pale pale, umeganda. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akachungulia ndani. Zamda amelala, uso ukutani, nzi wanatembea juu ya shuka, naye hatikisiki.

"Bibi Zamda! Shikamoo!"

Akagonga mlango kwa nguvu.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba," sauti ikajibu, kama inatoka kisimani. "Sijafa. Nimechoka tu kula peke yangu kama paka. Njoo ukae tule."

Munira alikuja mbio jikoni analia. "Bibi, atakufa na njaa! Nataka kukaa naye, lakini naogopa. Kweli nitaoza?"

Mimi nilikuwa naogopa kumshinda, ila wazee tuna mahali pa kufichia. Nikampigia simu Joyceline, muuguzi wa Korogwe anayetembelea wagonjwa majumbani.

Alifika kwa pikipiki. Alimwambia Munira achemshe maji, atie chumvi kidogo, ayaache yapoe. Akavaa glavu, akalilowesha tambaa la zamani lililogandia kidondani mpaka likaachia lenyewe. "Tukilivuta tunamchuna," alisema. Akaosha taratibu, akanyunyiza unga wa vidonge alivyoandika daktari, akafunika kwa shashi safi. Munira alisimama mlangoni, lakini hakukimbia.

"Dada muuguzi, nitaambukizwa?"

"Saratani haiambukizi, mwanangu. Harufu inaletwa na vijidudu vya kidondani, na dawa hii itaipunguza."

"Kwa hiyo atapona?"

"Kidonda huenda kisipone. Lakini si lazima anuke, si lazima alie kwa maumivu, wala si lazima atengwe."

"Mbona wewe umevaa glavu?"

"Glavu ni za kushikia kidonda. Mkono wa bibi unashikwa hivi hivi."

Siku kumi baadaye, Joyceline alipokuja kukagua, chumba cha uani kilinukia sabuni. Zamda alitoka mwenyewe, anashika ukuta, akaketi mkekani. Niliweka sinia: ugali, mchicha na dagaa. Watu wote tukawa tunatazama ugali kama hatujawahi kuuona.

Munira akanyoosha mkono. Akakata tonge kando kabisa ya vidole vya Zamda, akachovya, akala.

"Tonge kubwa hilo," Zamda akasema, machozi yanamtoka. "Utanimalizia."

Akala na yeye. Nilihesabu matonge saba.

"Mmeona?" Joyceline akatuambia. "Dawa hutuliza kidonda, lakini mgonjwa anahitaji na watu. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuogopa bila kuuliza, kama mtoto huyu alivyouliza." Kisha akanigeukia. "Bibi, mbona husogei?"

"Leo Alhamisi," nikasema kwa unyenyekevu. "Nimefunga sunna."

Zamda alinitazama usoni.

"Dada," akasema, "na hicho kichwa cha dagaa kidevuni, nacho kimefunga?"